Mashine Haijafa, Imeandikiwa Kifo

Hapa Kabazana kuna neno moja linaloua mashine kuliko kutu. Neno lenyewe ni "kondemu". Mtu anakuja na karatasi zake, anaitazama mashine dakika tano, anapiga picha kwa simu, anaandika neno hilo, na kuanzia saa ile chuma ambacho watu sita hawawezi kukinyanyua kinageuka kuwa takataka. Hajafungua bolti hata moja. Hajamuuliza fundi hata mmoja. Ameona ufa, basi, imekwisha.

Mimi nafanya kazi na vijana. Sina diploma ya ufundi, lakini nimekaa karakana miaka ya kutosha kujua tofauti ya kitu kilichokufa na kitu kilichoachwa kife. Na nasema wazi tangu mwanzo ninachokitetea: fremu ya chuma iliyopasuka inatengenezeka mara nyingi kuliko tunavyoambiwa, watu wa kuitengeneza wako humu humu kambini, na kinachokosekana ni ruhusa. Hatukosi akili. Hatukosi hata vifaa vyote. Tunakosa sahihi ya mtu mmoja.

Mashine ninayoizungumzia ni ya kukatia bati, ile ya kukanyaga kwa mguu. Ililetwa na mradi mmoja wa mafunzo ya vijana. Ina mbavu mbili za chuma kizito, moja kushoto na moja kulia. Katikati yake kuna meza, kwenye meza kuna kisu cha chini, na juu kuna kisu kingine kinachoshuka ukikanyaga wenzo. Ukiachia mguu, springi zinakirudisha juu. Haitaki umeme, haitaki petroli. Inataka mguu wa kijana na jicho la mtu anayejua kupima. Kwa mashine hiyo vijana walikuwa wanakata bati za sigiri, mifereji ya maji ya mvua, ndoo, na yale masanduku ambayo watoto wa Uganda wanakwenda nayo bodingi. Kila mwanzo wa muhula masanduku yalikuwa yananunuliwa, na wanunuzi walikuwa wakimbizi na wenyeji pia.

Ilipasuka ubavu wa kushoto, kwenye kona iliyo chini ya meza. Ufa una urefu wa kiganja na vidole vinne. Kila aliyefanya kazi pale anajua sababu. Kwanza, iliwekwa juu ya sakafu isiyo sawa na kufungwa kwa bolti mbili wakati ina matundu manne, kwa hiyo kila kukanyaga kulikuwa kunaipinda kidogo. Pili, ilianza kulishwa pleti nene za milango, wakati mashine ya aina hii ni ya bati nyembamba. Chuma kilivumilia, kilivumilia, kikachoka.

Alipokuja mtu wa ukaguzi aliandika neno lake. Mashine ikasukumwa stoo, ikafungiwa kufuli. Sasa tunaambiwa iko kwenye orodha ya vitu vitakavyouzwa kama chuma chakavu. Mashine itapimwa kwa kilo, kama mihogo.

Na vijana? Wanakata bati kwa mkasi wa mkono na tindo. Ukitaka mstari mrefu ulionyooka kwa mkasi wa mkono, unapata mstari kama barabara ya marramu wakati wa mvua. Vidole vinachanika. Sanduku lililochukua nusu siku sasa linachukua siku mbili, na likikamilika kifuniko hakifungi vizuri. Wengine wanabeba bati zao hadi Mbarara, zaidi ya kilomita 50, kwenda kulipia kukatiwa. Ukishalipa nauli ya kwenda na kurudi, ukalipa na mkataji, faida imebaki njiani.

Kabla ya kumlaumu mwenye karatasi, lazima nieleze chuma chenyewe, kwa sababu watu wawili wanakosea hapa, na mmoja wao ni wa kwetu.

Fremu ile haikufuliwa kwa nyundo wala haikukatwa kwenye pleti. Ni chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Mafundi wa Mbarara wanakiita kasti, sisi tuliotoka Kongo tunakiita fonti. Ndani yake kuna kaboni nyingi, kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 4, wakati chuma laini cha pleti za kawaida hakifiki hata asilimia 0.3. Sehemu kubwa ya kaboni hiyo imekaa ndani kama vipande vidogo vya grafiti, kitu kile kile kilicho ndani ya kalamu ya risasi. Vipande hivyo vinaifanya kasti imeze mtetemo, isichuje haraka, na itoboke kirahisi kwa keekee. Lakini vinaifanya pia ivunjike bila kujipinda kwanza. Ukiikandamiza, ni ngumu ajabu. Ukiivuta, ni dhaifu. Nguvu yake ya kuhimili kukandamizwa ni kama mara tatu au nne ya ile ya kuhimili kuvutwa. Shika hilo, kwa sababu dawa yote imo humo.

Sasa mkosaji wa kwanza. Huyu ni fundi wetu wa kuchomelea, kaka yetu wa pale barabarani, mwenye mashine yake na miwani yake myeusi. Mletee fremu ya kasti iliyopasuka, hatauliza swali. Anachukua bageti ya kawaida, ile ya kuchomelea madirisha, anapita juu ya ufa mara mbili, anagonga maganda, anapaka rangi, anakwambia lete pesa. Mshono unapendeza. Kesho yake asubuhi, au hata kabla hajafunga kazi, unasikia "tik". Ufa umehamia pembeni mwa mshono na umekuwa mrefu kuliko ule wa zamani.

Hakuna uchawi hapo. Pale moto unapogusa, chuma kinayeyuka, na sentimita chache pembeni bado ni baridi. Sehemu ya moto inataka kutanuka, sehemu ya baridi inaibana. Ikipoa inajikunja na kuvuta, na tumeshasema kasti haiwezi kuvutwa. Tena kaboni inaingia kwenye mshono, na pembeni mwa mshono unabaki ukanda mgumu kama kioo. Kioo hakifanyi kazi na kisu kinachopigwa na mguu mara mia tatu kwa siku.

Kuna njia za kuchomelea kasti, lakini zina adabu yake. Moja ni kupasha moto kipande chote polepole hadi nyuzi 500 au 600, kukichomelea kikiwa bado na moto huo, halafu kukifukia kwenye majivu au mchanga mkavu kipoe taratibu hata siku nzima. Kwa ubavu mzima wa mashine unataka tanuri, na sisi hatuna. Nyingine ni kutumia vijiti vya nikeli: unachomelea kipande kifupi cha sentimita mbili au tatu, unakigonga polepole kwa nyundo kikiwa cha moto, unangoja hadi unaweza kuweka mkono juu yake, ndipo unaendelea kipande kingine. Vijiti hivyo ni ghali, na vinataka mtu mwenye subira. Ya tatu ni kulehemu kwa shaba ya njano na gesi, ambapo chuma chenyewe hakiyeyuki, shaba ndiyo inayokishika. Zote ni njia halali. Hakuna hata moja inayofanana na kile tunachofanyiwa barabarani.

Lakini iko njia ya nne, na hiyo haitaki moto hata kidogo. Nilielezwa na mzee mmoja wa hapa Kabazana ambaye alikuwa fundi katika kiwanda cha sukari cha Kiliba, kule karibu na Uvira, kabla ya vita kututawanya. Kiwandani, anasema, huwezi kungoja fremu mpya kutoka Ulaya wakati miwa imeshakatwa inaoza. Wanaikamata iliyopo wanaifunga.

Unafanya hivi. Unasafisha ufa kwa petroli na brashi ya waya. Unapaka mafuta ya taa, unangoja yapenye, unafuta pakauke kabisa, halafu unanyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanapanda na kuchora mstari kwenye chaki, na hapo ndipo unaona ufa unaishia wapi kweli, kwa sababu jicho peke yake linadanganywa. Mbele kidogo ya ncha ya ufa unatoboa tundu dogo la milimita 6 au 8. Ufa unatembea kwa sababu ncha yake ni kali kama wembe. Ukifika kwenye tundu la duara, makali yanaisha. Halafu unaubana ufa ufunge kwa klempu. Unachukua pleti mbili za chuma laini, nene ya milimita 10, moja nje na moja ndani ya ubavu, unazitoboa pamoja na ubavu wenyewe ili matundu yaoane, unapitisha bolti nzuri, unakaza kwa zamu, kushoto, kulia, kama unavyokaza gurudumu la gari. Mwisho unapitisha rodi yenye uzi upande ule ufa unapotaka kufunguka, unaikaza kwa nati ili ivute pande mbili zije pamoja.

Unaona alichofanya mzee? Amechukua chuma kisichopenda kuvutwa, akakiweka mahali ambapo kinakandamizwa tu. Kuvutwa kote amemwachia rodi, ambaye ndiye kazi yake. Hakushindana na tabia ya kasti, ameitumia.

Na si hadithi tu. Humu kambini kuna mashine ya kukoboa mahindi ambayo mguu wake wa kasti ulipasuka, na mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa. Mzee alitia pleti mbili na bolti sita. Mashine hiyo bado inakoboa hadi leo, na wengi wenu mmekula posho iliyopita hapo bila kujua mlikuwa mnakula kazi ya Kiliba.

Sasa mkosaji wa pili, mwenye karatasi. Tusimtukane. Mara nyingi ni kijana kama sisi, amepewa fomu yenye visanduku: nzima, mbovu, kondemu. Hakuna kisanduku kilichoandikwa "inatengenezeka, muulize fundi". Bajeti ina mstari wa kununua, ina mstari wa mafunzo, ina mstari wa kufuatilia na kutathmini. Mstari wa kutengeneza haumo. Kwa hiyo hata akitaka kuiokoa mashine hana pa kuandikia. Kosa liko kwenye fomu kabla halijafika kwa mtu.

Na fomu ile imeandikwa na mtu anayefikiri kwa miezi 12. Hapo ndipo ninapokasirika. Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuja Wanyarwanda. Ni zaidi ya miaka 60. Wako wazee waliozaliwa hapa. Lakini mpaka leo kila kitu kinacholetwa kinaletwa kama kwamba tutaondoka mwezi ujao. Mashine ya kasti ikitunzwa inafanya kazi miaka 50. Mradi unaishi mwaka mmoja. Mradi ukifa, mashine inazikwa nao, kama zamani mfalme alivyozikwa na watumishi wake wakiwa hai.

Kila bango la mradi hapa limeandikwa "kujitegemea". Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi, na nchi nyingi zinaisifu Uganda kwa hilo, na mimi naisifu. Lakini kujitegemea ni nini, kama kijana anafundishwa kukanyaga mashine na hafundishwi kuikaza bolti? Ukinifundisha kutumia kitu usinifundishe kukitengeneza, hujanipa ufundi, umeniazima. Siku kitu kikivunjika, narudi kwako na kofia mkononi. Kuna watu nadhani wanapenda tuendelee kurudi.

Wengine wataniambia: kijana, hayo ya pleti na bolti ni mambo ya kubahatisha, ya watu maskini wasio na vipuri. Siyo kweli. Mwaka 1917 Marekani ilipoingia katika vita vikuu vya kwanza, ilizikamata meli za Wajerumani zilizokuwa zimefungiwa katika bandari zake. Mabaharia wa Kijerumani walikuwa wameshazivunja injini kwa makusudi. Walichagua kuvunja silinda, kwa sababu walijua ni kasti, na walijua kila mtu angesema kasti haitengenezeki, lazima isubiriwe mpya, na mpya zingechukua zaidi ya mwaka. Yaani silaha yao ilikuwa neno lile lile la stoo yetu. Mafundi wa Marekani wakakataa kusubiri. Nyingine waliziziba kwa pleti na bolti, nyingi wakazichomelea kwa umeme kwa utaratibu na uangalifu, na kabla ya mwaka kwisha meli hizo zilikuwa zinabeba askari wa Marekani kuwapeleka Ulaya. Nchi tajiri ilitengeneza kasti iliyopasuka kwa sababu ilikuwa na haraka. Sisi tuna haraka pia.

Kama hiyo ni mbali, twende Ziwa Tanganyika, ambalo wengi wetu tumelivuka au wazazi wetu wamelivuka. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa masanduku hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Mwaka 1916, Wajerumani walipoona wanashindwa, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wao waliipaka injini mafuta mazito ya grisi, kwa sababu walitegemea iko siku itainuliwa. Ilikaa chini ya maji miaka mingi. Waingereza waliinua meli ile mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 iliwarudisha Wakongomani wengi makwao. Mwaka 2015 ndiyo iliyowachukua Warundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma. Baadhi yao leo ni majirani zangu. Nawauliza ndugu zetu wa mashirika: mkaguzi wenu angeiona meli ile ikiwa chini ya ziwa, angeweka alama kwenye kisanduku gani? Na wale Warundi wangevuka na nini?

Iko hoja moja ninayoiheshimu, nayo ni ya usalama. Mtu wa shirika anasema: mashine ikitengenezwa vibaya, ikamkata kijana vidole, nani atajibu? Hilo ni swali la haki. Kisu hakina huruma, na fremu inayoachia ghafla inaweza kumwangukia mtu. Ndiyo maana sisemi itengenezwe na yeyote, anyhow anyhow, kama tunavyosema hapa Uganda. Nasema itengenezwe kwa utaratibu na ipimwe. Baada ya kufungwa, iwekwe juu ya sakafu sawa, matundu yote manne yatiwe bolti. Visu vipimwe kwa karatasi: kama mashine inakata karatasi ya daftari safi kutoka mwanzo hadi mwisho wa kisu, ujue mbavu zimesimama sawa. Kama inakata upande mmoja na kutafuna upande wa pili, fremu imepinda, rudi ukaze upya. Kizuizi cha vidole kirudishwe mbele ya kisu. Halafu iandikwe kwa rangi nyekundu, kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kisomali: mwisho geji 20. Wanaojua bati wanaelewa, geji ikipungua namba unene unaongezeka, kwa hiyo 16 ni marufuku hapo. Na kila Jumatatu mtu mmoja apake chaki kwenye ncha ya ufa aone kama umetembea. Ukitembea hata milimita moja, mashine inasimama.

Huo ndio usalama. Kufungia mashine stoo siyo usalama, ni kuhamisha hatari. Kijana anayekata bati kwa tindo akiwa amelishika kwa mguu naye ana vidole. Ila huyo hayumo kwenye ripoti ya mtu.

Na kama fundi akiipima akasema kweli haiwezekani, ufa umefika mahali pabaya, nitakubali. Sitetei miujiza. Hata hapo bado ina visu viwili, springi, meza na wenzo, na mtu mwenye akili anaweza kujenga mbavu mpya za pleti na kuzihamishia humo. Kwa kilo vyote hivyo vinakuwa bei moja na mabati ya kuezeka yaliyooza. Nani aliyefanya hesabu hiyo?

Neno kwa vijana wenzangu pia, maana hatuwezi kuonyesha kidole ofisini tu. Wapo kati yetu wanaosubiri lori la chuma chakavu kwa hamu kuliko mnunuzi. Wanahesabu watapata ngapi wakisaidia kupakia. Ndugu zangu, pesa ya kupakia ni ya jioni moja. Wapo pia wanaocheka mtu akisema anajifunza kutengeneza. Wanataka cheti, wanataka picha na kofia ya mahafali, wanataka kit ya kuanzia kazi ambayo wengine wanaiuza kabla jua halijatua. Mzee wa Kiliba amekaa hapa miaka, na ni vijana wangapi wamekwenda kukaa karibu naye? Nawajua, hawazidi watatu. Siku tukimzika, tutazika na mkono wake, na hakuna mradi utakaotuletea mwingine kwenye lori.

Kwa sababu malori yanapungua. Tumeona mwaka 2025, fedha za WFP zilipokauka, jinsi majina mengi yalivyoondolewa kwenye orodha ya chakula, hapa na katika kambi nyingine za Uganda. Tusidanganyane kwamba mashine mpya ya bati iko njiani. Ile iliyoko stoo ndiyo mashine mpya yetu. Hatuna nyingine.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na yote matatu yanaweza kufanyika kabla ya mwezi kwisha.

La kwanza, mashine ile iondolewe kwenye orodha ya chuma chakavu kwa siku 30. Mzee na mafundi wengine wawili wanaojua kasti waruhusiwe kuingia stoo na taa, mafuta ya taa na chaki, waandike wanachokiona. Kama mhandisi wa shirika anataka kuwepo, karibu sana, tutamwekea kiti na tutamwonyesha.

La pili, wakisema inatengenezeka, mashine ipewe kikundi cha vijana kwa maandishi, ofisi ya kambi ikiwa shahidi, na kikundi kibebe jukumu. Pleti, bolti na rodi tutachanga wenyewe. Tumeshapiga hesabu: haifiki gharama ya chai na chakula cha mchana cha warsha moja ya siku tatu.

La tatu, na hili ni kwa wote wanaoandika miradi ya vijana hapa Nakivale, iwe Base Camp, Juru au Rubondo: mkileta mashine, leteni na mstari wa kuitengeneza. Kila mafunzo ya bati, ya cherehani, ya kusaga, yawe na wiki mbili za kufungua mashine na kuirudisha. Mwalimu wa wiki hizo msimtafute Kampala. Ulizeni nani alifanya kazi Kiliba, nani alifanya kazi Likasi, nani alikuwa gereji Bujumbura, nani alikuwa karakana Mogadishu. Mkiwauliza watu wamepoteza nini mnajaza madaftari. Ulizeni mara moja wanajua nini.

Kufuli ya stoo ina funguo mbili. Aliyezishika anasoma gazeti hili, namwona kila toleo likitoka. Mzee yuko nyumbani kwake kila siku baada ya saa nane. Mafuta ya taa ninayo, chaki ninazo.